Mkono wa Karani

Picha ilinifikia kwenye simu, imepita mikono mingi,
ukungu pembeni, na chini yake maneno haya tu:
Kinu cha pamba, Soroti.
Mwaka hakuna. Mpigaji hakuna.
Nikaitumia vivyo hivyo, maana ukuta wa soko ulinisubiri
na halmashauri ilishalipa nusu ya rangi.

Karani amekaa kando ya mizani,
daftari wazi, kalamu mkono wa kushoto.
Mjukuu wake Epenu, darasa la tatu,
alisimama chini ya ngazi yangu kila jioni.
Shuleni wakimpiga vidole kwa rula
hujibu: Hata babu.
Akanionyesha kwa kidole kilekile kilichovimba:
Hapo, mchore vizuri.

Lakini jiwe lilinisumbua.
Nimezaliwa chini ya jiwe hili, naujua mgongo wake
kama ninavyoujua wa mama akipalilia mtama.
Ukitazama kutoka kinuni, bega refu liko kulia.
Pichani liko kushoto.
Nikakagua vifungo vya koti:
vimelala upande wa kike.

Nikaenda kwa Amuge, aliyerithi studio ya baba yake
na sasa anauza mbegu na muda wa maongezi.
Filamu zimo katika kopo la maziwa ya unga,
kila moja na bahasha yake, na kwa penseli:
tarehe, jina, shilingi mbili bado.
Hiyo shilingi mbili bado ndiyo iliyonifanya niamini.
Mwongo hatunzi deni dogo hivyo.

Nikaiinua dirishani. Nyuso makaa, mbingu masizi,
kivuli cha mizani kinang'aa kama chokaa.
Nikaigeuza.
Nambari za ukingoni zikasomeka,
jiwe likarudi kwao,
koti likawa la mwanamume,
na kalamu
ikahamia mkono wa kulia.

Aliyeichapa aliilaza kifudifudi, basi.
Miaka yote hiyo, kifudifudi.

Elfu ishirini, akasema Amuge, na usiikwaruze.

Leo nimepaka jiwe. Nimepaka kinu, magunia,
vifungo nimevihamisha kimoja kimoja.
Daftari lina mistari, mistari haina mwandishi:
mikono ya koti inaishia kwenye plasta tupu.
Saa kumi na moja. Kengele ya shule.
Nasuuza brashi
ambayo tayari ni safi.