Njia ya Bermet

Bermet ametandaza ramani ya Naryn mezani,
kikombe cha chai kimekandamiza pembe moja.
Zahanati kumi na moja, gari moja,
tanuri moja linalowashwa Alhamisi tu.

"Anzia mbali," anamwambia Taalai, dereva.
"Kule sindano hulala wiki mbili ndani ya boksi la njano,
na theluji haingoji ratiba."

Taalai anajikuna shingo: barabara fupi
inapita mbele ya shule, saa ya watoto kutoka.

Anafuta.
Anachora upya, kilomita tisa zaidi.

Mkurugenzi atauliza habari ya mafuta.
Atamjibu kwa tarakimu.
Hatamtajia mamaye, mfagiaji wa wodi,
aliyeinua mfuko mweusi, mwepesi,
akasema "aa,"
kama mtu aliyekumbuka kitu.