Kilo Mbili na Robo

Huku Ilembo tunauita uchanuzi.
Daktari wa Mbeya mjini aliuandikia jina refu kwenye cheti,
akafunga kalamu, akaomba chai.

Huanza kwa mwasho. Jembe limekukwangua kisigino,
umesema si kitu, umepaka mate,
umeshuka bondeni kuchimba viazi.
Wiki ya tatu soksi haipandi tena,
na ukiivua, mche.
Mzee Nzunda alimzika mkewe bila kudondosha chozi;
sasa havui kofia hata kanisani,
na kofia yenyewe kila masika inazidi kuinuka.
Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua.
Kwetu kilio huchelewa. Ua hutangulia.

Mama alichanua pareto.

Nyeupe, kitovu cha njano, chini ya titi la kushoto,
pale mtoto anapolazwa.
Mimi nilichojua ni kwamba nyumba yetu
haikuwa na kiroboto,
na nzi akikatiza juu ya kitanda chake
alilegea, akadondoka kama punje ya ulezi.
Ua huua, alisema mama, akacheka peke yake.

Kisha ukaja mwaka wa sakitu.
Tuliamka matuta yote meusi,
Umalila nzima ikinuka majani yaliyoungua,
na mwalimu mkuu akasoma majina ya wasiolipa
kwa sauti ya mtu anayehesabu mbuzi.
Siku ya mnada mama akatoka na gunia.
Ambilikile mnunuzi alichomeka mkono, akanusa,
akamtazama mama usoni, akatazama mizani.
"Haya umeyatoa shamba gani?"
"Pima."
Kilo mbili na robo.

Nani asiyejua uzito wa pareto iliyokauka?
Ni pumzi. Ni unyoya wa kifaranga.
Kilo mbili na robo ni usiku mwingi.

Usiku mmoja niliuona.
Mlango ulikuwa umebaki wazi upana wa kiganja:
kibatari, blauzi imefunguliwa,
pindo la kanga katikati ya meno,
na vidole vyake vikichuma
vilevile alivyonifundisha kuchuma shambani,
kichwa tu, usivunje shina,
litatoa tena.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili.
Nilirudisha mlango taratibu, kama mtu anayefunika uji.
Nilikuwa nataka viatu.

Kwamba kabla yangu alikuwepo Tuntufye,
siku nne, hakulia hata mara moja,
nililisikia msibani kwa jirani, nikisuuza masufuria,
kutoka kwa mwanamke aliyedhani maji yanapiga kelele.

Leo ni muuguzi wa zahanati hii hii.
Nina iodini, nina makasi, nina pamba ikiletwa.
Na nina dawa isiyo kwenye orodha ya bohari:
mgonjwa alitamke jambo lenyewe, kwa mdomo wake,
mzizi ulegee.
Ukikata kabla hajasema, yanarudi mawili.

Asubuhi hii mama amekuja mwenyewe,
amepanda kilima na fimbo, ukungu bado uko kwenye nywele zake.
Ameketi. Amefungua vifungo.
Sijawahi kuona shamba lililotunzwa hivyo.
"Kata," amesema.
"Sema kwanza, mama."
Amenyamaza. Nje mtu anapasua kuni.
Kisha amelitazama goti langu,
bandeji ninayoibadilisha kila Jumapili tangu darasa la saba,
nikimwambia kila mtu nilianguka.
"Ndiyo," amesema. "Anza wewe."

Makasi nimeyaweka kwenye sinia.
Mama, uliniita Sikujua,
na jina hilo nimelivaa kama sweta ya mtu mwingine.
Nilijua.
Niliuona mkono wako, nikafunga mlango,
na kesho yake nikavaa.
Vilinibana, mama. Kila siku, hadi nilipomaliza shule,
vilinibana.