Ngoja

Mita inasoma uniti kumi na tisa.
Nakuachia zote, Bi Sikudhani,
friji lako lisije likazimika na samaki wamo.
Usiniambie nikadai. Umeme haufungwi kwenye begi.

Miaka minne Kurasini, chumba cha uani,
ukuta mmoja na jiko lako.
Nilijua siku ya maharage kabla hujayaonja,
nawe ulijua siku nisiyo na kitu
kwa kutosikia kijiko changu.
Ukagonga. Hukusema pole.
Ulisema, "Wali umenizidi, nisaidie."
Wali haukukuzidi hata siku moja.
Watu saba mle ndani, na sufuria ile naijua.

Nilikuja na Kiswahili changu cha Lubumbashi.
"Minataka mukate," nikasema,
na duka zima likaangua kicheko.
Mangi Eligi alicheka hadi akajishika kaunta,
kisha akanifungia mkate, akaongeza andazi:
"Hilo la kunichekesha."

Na Shamte, mjukuu, tangu aanze kuongea
hajaliweza jina langu.
Mimi ni Ngoie. Yeye husema Ngoja.
Mtaa ukamfuata:
Ngoja kaja, Ngoja kalipa kodi, Ngoja anaumwa leo.
Nimeliitikia hadi limenizoea.

Jana nilikwenda kwa Mangi na hela mkononi.
Daftari la madeni, ukurasa umeandikwa juu kabisa NGOJA,
sabuni, sukari nusu, vocha, sabuni tena.
Akalamba kidole, akausoma taratibu
kama mtu asomaye barua ya nyumbani,
akasema maandishi yamefutika.
Hayakufutika. Nimeyaona kichwa chini miguu juu,
wino wa bluu, elfu kumi na nne na mia tatu.
Nikaweka pesa juu ya mzani. Akazirudisha.
Nikaziweka. Akazirudisha.
Watu wazima wawili,
hadi mteja nyuma yangu akasema, "Basi nipeni mimi."

Nesi Tumsifu wa Temeke,
sidhani kama ungenikumbuka.
Usiku ule wa homa ulinivua viatu.
Ni hilo tu. Ulinivua, ukavipanga chini ya kitanda
kisigino kwa kisigino,
viatu vya mtu atakayeamka.
Juzi nimekuja kukuaga, wakasema umehamishiwa Nachingwea.
Nikasimama mlangoni na zawadi isiyo na mwenyewe,
mwisho machungwa nikampa mlinzi.
Naye alishukuru, lakini si yeye.

Kwetu mgeni husindikizwa mpaka njia panda.
Nyie mmenileta mpaka stendi ya Mbezi,
saa tisa usiku, bajaji mbili,
Bi Sikudhani na ndoo yenye kifuniko:
chapati, samaki wa kukaanga, ndimu tatu,
chumvi kwenye karatasi ya daftari la shule.
"Ndoo urudishe," anasema.
Kutoka Lubumbashi, Bi?
"Urudishe."

Nilikuwa nimeandaa maneno.
Nimeyafanyia mazoezi wiki nzima, na vituo vyake,
Kiswahili safi, cha kusimamia mtu msibani au harusini.
Ulimi umetangulia kwao kabla yangu.
"Minaenda," nikasema.
Hakuna aliyecheka.

Basi linaunguruma, kondakta anapiga bodi mara mbili.
Kioo changu ni cha kudumu, hakifunguki.
Namwona Shamte mabegani mwa Mangi, nguo ya kulalia,
mdomo wazi, na ingawa sauti haifiki
najua umbo la neno.

Sijui ananiita
au ananiamuru.

"Naam," nimekijibu kioo.
Basi halikujibu kitu, limeshika njia ya Kibaha,
na ndoo magotini mwangu
bado ina moto.