Athari Moja

Baba aliniachia athari moja ya maji:
nusu saa, usiku, kila siku ya nane.
Athari, ndivyo watu wa Izki wanavyokiita kipimo cha falaji.
Mama, aliyekuja hapa na lugha ya Unguja kinywani,
alicheka: "Basi wewe, Raya,
umerithi alama ya kitu kilichokwisha kupita."

Sikucheka. Nilikuwa na mindimu kumi na mmoja
na jiwe langu la kuzibia mfereji,
nimelifunga kitambaa chekundu nisilikose gizani.
Kilimia kikichomoza juu ya mlima, nazibua.
Nikihitimisha Yasini ya pili, naziba.
Hakuna aliyewahi kunidai tone.

Kisha wakaja watu wapya wa husuni,
ndevu hazijawajaa, hukumu zimewajaa.
Mwanamke asitoke baada ya isha.
Sauti ya mwanamke isisikike mferejini.
Maji yake ya usiku yashikwe na walii wake.

Walii wangu ni Msellem, mdogo wangu,
niliyembeba mgongoni hadi mbavu zikaniuma,
niliyemfundisha alifu kwa kidole mchangani.
Msellem ana mitende.
Mitende ina kiu.

Mungu alinipa nusu ya fungu la ndugu yangu.
Sikunung'unika; nusu ya Mungu hushibisha.
Lakini nusu hiyo nayo, ni aya ipi
iliyosema inywewe na mwenye nzima?

Nikaenda husuni. Nikasemea nyuma ya pazia,
pazia nene hata kadhi akauliza mara mbili
kama kuna mtu.
"Una mashahidi?"
"Wanne," nikasema, maana hesabu yao naijua:
wawili kwa mmoja.
Wakaja Wadha, na Shinuna, na Ghaniya wa kwa wafinyanzi,
na Moza, ambaye haoni vizuri ila vya mbali.
Wote walimwona Msellem akizibua,
Kilimia kimechomoza, siku ya nane,
kitambaa chekundu mkononi mwake.

Kadhi akanyamaza. Nikasikia kalamu ikikuna karatasi.
"Na nyinyi wanne," akasema,
"saa sita za usiku mlikuwa wapi hata mkaona?"

Nani asiyejua? Kwa joto hili Izki nzima hulala juu ya paa:
kadhi, mke wa kadhi,
na mbuzi wa kadhi wangelala huko wangepata ngazi.
Lakini wino ulikuwa umekwisha kukauka.
Tulikwenda mashahidi, tukarudi washitakiwa.

Siku ya tatu wakaja waashi.
Kuta za mapaa yetu zikapandishwa
hadi zikaupita utosi wangu,
na ujira wao nikalipa mimi.
Mlima ule, ambao babu zetu waliukuta
na malaika wataukunja,
niliondolewa kwa mistari minane ya matofali.

Sasa nalala kama niliyetiwa kisimani.
Wadha hugonga ukuta kwa kijiko, mara mbili:
yu hai, na yu macho.
Nami hugonga.

Ila kisima kina mdomo.
Kabla ya adhana ya alfajiri kinapita pale juu,
si kandoni, si pembeni, utosini kabisa,
kile kikundi kidogo kilichosongamana
kama wanawake wanaoteta jambo
mbele ya mlango uliofungwa.
Bado hajaletwa mwashi wa kufunika huko.
Nahesabu kurudi nyuma: Kilimia kikiwa hapa,
maji yangu yalikwisha kunywewa zamani,
na Msellem anakoroma.

Nina kopo la kokwa za tende.
Kila siku ya nane natia moja.
Leo zimefika hamsini na moja.
Mindimu imebaki minne,
mmoja kati yake nauonea haya kuutazama.

Msellem akija kunisalimu huliinua kopo, hulitikisa,
huuliza limetiwa nini.
"Athari," namwambia,
naye hudhani nasema Kiswahili.