Tundu

Jumanne jioni, maktaba ya mtaa, Dundee.
Viti kumi na viwili, watu watano,
kipasha-joto kinakohoa pembeni.
Mwalimu Farquhar kaandika ubaoni neno refu
kuliko foleni ya posta: ontolojia.
Msiliogope, akasema. Linauliza tu: nini kipo?

Nikacheka kimoyomoyo.
Swali lake moja, kwetu ni matatu.
Nipo: hapa, nionyeshe kwa kidole.
Niko: huko, mahali fulani, usinibane.
Nimo: ndani, kama sarafu iliyosahauliwa
mfukoni mwa koti la daktari.

Mchana nafua mashuka ya hospitali.
Ishbel ndiye aliyenifundisha kuhesabu:
matundu matatu, shuka limekufa.
Basi nikanyoosha mkono.
Mwalimu, tundu lipo?
Halina uzito, halina uzi,
ukilitoa shukani hutoki na kitu.
Lakini mimi nalihesabu kila siku,
na shuka linatupwa kwa ajili yake.

Akavua miwani. Akakaa.
Kijana wa mbele akasema tundu ni shuka lililokosekana.
Mama anayefuma soksi akasema, ni kingo tu, mwanangu, kingo.
Ndipo nikaelewa falsafa ni nini:
watu watano wanagombea kitu ambacho huenda hakipo,
mvua inapiga madirisha,
na hakuna anayetaka kwenda nyumbani.

Wiki iliyofuata, epistemolojia.
Kujua si kudhani, alisema;
jambo liwe kweli, nawe uwe na sababu ya haki ya kuliamini.
Kituoni kwangu ubao wa basi umeharibika tangu Oktoba,
daima unasema: dakika tatu.
Jana basi likaja baada ya dakika tatu kamili.
Je, nilijua?
Nilipanda. Sijajibu bado.

Maadili hatujayafikia.
Ila pazia la jikoni kwangu ni shuka la hospitali lililokufa.
Wizi? Wajibu unasema hivi, matokeo yanasema vile,
na jua la saa tisa linapenya tunduni,
linaacha duara dogo mezani, karibu na chumvi.

Kaka yangu Shomvi alipofariki,
simu ilileta neno moja: hayupo.
Nilimpelekea mwalimu neno hilo baada ya darasa,
nikamfafanulia kwa Kiingereza changu cha viraka,
po, ko, mo,
naye akiandika pole pole daftarini.
Kisha akauliza:
wamekataa moja tu. Na yale mawili mengine?

Nje, ubao ulisema dakika tatu.