Alaverdi

Otia aliingia na theluji mabegani,
akaketi bila kuvua koti.
Binti yake, Tsiala, alibaki ukumbini.
"Nimekuja," akasema, "ili yule anyamaze."

Hapa Zestaponi nani asiyemjua?
Miaka thelathini ni yeye mwenye meza,
anayeinuka harusini na matangani
akitamka heri hadi vikombe vitulie.
Tanuru la kiwanda lilimpa mshahara;
pembe ya divai ilimpa jina.

Wiki iliyopita nilimchorea ini,
nikalitia kivuli kwa kalamu ya risasi.
Alilitazama kama ramani ya nchi asiyokusudia kuizuru.
Nikasema lazima; akasema babu yake alifika tisini.
Nikasema familia; akasema nani kakutuma.
Tukavutana mlango mmoja,
kila mtu na kitasa chake.
Usiku nikajiambia: sikio la kufa halisikii dawa.
Nikaamka saa tisa
nikijua sikio lililokuwa likifa ni langu.

Leo sikuleta karatasi.

"Sinywi kuliko wenzangu."
"Unakunywa kama kila mtu mezani."
"Kama kila mtu. Ila wao huenda nyumbani."
"Na wewe hubaki."
Nilishusha sauti mwishoni, isije ikawa swali.
Swali hubisha hodi, likasubiri kufunguliwa.

Bomba la joto likagonga ukutani mara mbili.
Nilikuwa na ushauri mdomoni, wa moto kama kiazi;
nikaumeza, ukaniunguza.

"Bila divai mimi ni mzee wa kiwanda tu.
Pembe ya maji haimwombei mtu heri."
"Unaogopa ukiweka pembe chini, utaliweka na jina."
"Sikusema naogopa."
"Siyo hofu, basi."
Akavua kofia. Akaikunja, akaikunjua.
"Labda ni hofu."

Mezani kwetu iko desturi:
mwenye meza akishatakia heri
humkabidhi mwingine neno. Alaverdi, husema.
Anayepokea halirudishi kama kasuku,
wala haanzi lake jipya;
hulishika pale lilipoachwa,
akalisogeza hatua moja, basi.
Mimi nisiyekunywa nilikuwa nikipokea.

Ndipo akasimulia ya Oktoba,
arobaini ya mdogo wake.
Pembe imejaa, watu wote wameinuka,
wanangoja amtaje marehemu,
na jina halikuja.
"Nililala naye kitanda kimoja miaka kumi na moja.
Badri, mtoto akaninong'oneza.
Mtoto wa miaka sita."

Unaona sasa? Ulimi wangu uliruka
kama mbwa aliyeona mfupa. Nikaukamata.
"Wewe ndiye unayewatunzia watu majina ya wafu wao."
"Ndiyo."
"Na la kwako likakuponyoka."

Hakulia. Alifungua koti, kifungo kwa kifungo,
kana kwamba chumba kimepata joto ghafla.
"Siwezi kuendelea hivi," akaiambia kofia.

Maneno hayo sikumpa mimi.
Wiki nzima niliyatafuta mfukoni mwangu,
kumbe yalikuwa kwake.

Hakuahidi kitu.
Alisema Alhamisi ana wageni,
kisha akauliza tunafungua saa ngapi.

Ukumbini Tsiala alisimama haraka.
"Amekuambia nini?"
"Hakuna," Otia akajibu, akitafuta mkono wa koti.
"Mimi ndiye niliyesema."