Chumba cha Nyuma, Hull

Halmashauri walinipa funguo na sakafu tupu:
zege, mabaka ya gundi, na pembezoni ukanda wa misumari
uliowahi kushika zulia la mtu nisiyemjua.
Futi saba kwa nane na nusu.
Zulia sitaki. Zulia na pumu ya Mahfudh haviivani.

Nikanunua paketi tatu za laminati,
rangi ya mwaloni, ingawa mwaloni wenyewe
ni picha tu, imebandikwa juu ya unga wa mbao.
Terry wa mlango wa pili akanibebea kwa gari lake.
"Zilaze humo chumbani siku mbili," akasema.
"Zizoee kwanza hewa ya nyumba."

Nilicheka peke yangu kwenye ngazi.
Mimi nilitua Jumapili usiku.
Jumatatu saa kumi na mbili nilikuwa kiwandani
natoboa matundu ya skrubu kwenye karavani,
na hakuna aliyeuliza nimezoea nini.

Siku ya tatu nikatandika povu, nikapiga magoti.
Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga;
hawakuugonga kwa nyundo.
Ulimi wa ubao wa nne ulivunjika, tak,
nami nikatukana kwa lugha
ambayo jirani haielewi, ila sauti aliielewa,
maana alikuja na chai.

"Usiibane ukutani," akasema. "Acha upana wa kidole
pande zote. Joto likija inavimba.
Ikikosa pa kwenda, itanyanyuka katikati."
Mimi na mama yake Mahfudh
tulikaa miaka kumi na moja, ukuta kwa ukuta.
Sikusema kitu. Nilichonga kabari nyingine.

Safu ya mwisho ndiyo iliyonila saa nzima.
Upande wa dirisha sentimita sita,
upande wa mlango nne na kitu:
ukuta huu aliujenga mtu
aliyekuwa na haraka ya kwenda kwake.
Nikapima, nikakata, nikakosea,
nikapima nikiwa nimekaa.
Mti hauendi ila kwa nyenzo:
chuma kilichopinda, gonga, gonga,
mpaka mbao zikafumba midomo.

Mahfudh hufika kila Ijumaa ya pili.
Alivua viatu bila kuambiwa,
akateleza na soksi kutoka mlangoni hadi dirishani,
safari ya hatua tatu,
akarudi, akateleza tena.
Kisha akalala kifudifudi, shavu sakafuni.
"Baba, mbona hii na ile zinafanana kabisa?"
Nikamwambia ni picha.
Akazitafuta pacha zote mpaka chakula kikapoa.

Zimebaki mbao mbili na kipande.
Nimezisukuma chini ya kitanda chake.
Terry anasema rangi hii
mwakani huenda wasiitengeneze tena.